Kipandio cha Juu

Katika miaka ile ya hamsini, kabla mji wa Mbeya haujatanuka na kuyameza mashamba ya Mwanjelwa, palikuwa na shule ya kati iliyoezekwa kwa bati chini ya mlima Loleza. Asubuhi ukungu ulishuka hadi madirishani, na wanafunzi waliingia darasani wakipuliza viganja vyao. Hapo ndipo Mwalimu Saulo Mwaisumo alipofundisha Kiingereza. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mkavu, mwenye kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa hata ikasimama yenyewe.

Wengi waliopita mikononi mwake wamesahau mengi, lakini ngazi ya Mwalimu Saulo hawajaisahau. Aliichora pembeni mwa ubao kwa rangi nyeupe ya mafuta, isifutike. Ilikuwa na vipandio vitano, na kila kipandio kilikuwa na neno lake la Kiingereza la kupimia ukubwa wa jambo. Cha chini kilikuwa *slightly*, yaani kidogo mno. Kikafuata *fairly*, yaani kiasi, kisha *rather*, zaidi ya kiasi, kisha *very*, yaani sana, lile neno la kila siku ambalo hata wapishi wa Wazungu walilijua. Juu kabisa, peke yake, lilikaa neno *extremely*.

"Neno hili," alizoea kusema, akiligonga kwa ncha ya fimbo, "maana yake ni kwamba jambo limefika mwisho wake. Mbele yake hakuna mahali pengine pa kukanyaga. Ukilitumia kwa mambo madogo, siku utakapolihitaji utalikuta limechakaa. Katika darasa langu halisemwi pasipo shahidi."

Mwaka mmoja alikuja daktari Mwingereza kuwapima wanafunzi macho. Alipomaliza kazi yake aliomba kuketi nyuma ya darasa asikilize. Siku hiyo Fanueli, kijana mwenye ulimi mwepesi kuliko wote wa darasa la nane, alisimama kutunga sentensi, akatangaza kwamba jana alikuwa na njaa, tena *extremely*.

Mwalimu aliweka chaki chini. "Ulianguka?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ulitokwa na machozi?"

"Hapana, Mwalimu. Nilikula kiazi cha Abrahamu."

"Bila kumwomba?"

"Nilimwomba, Mwalimu. Nilipokuwa nakitafuna."

Darasa zima likaangua kicheko, Abrahamu akiwa wa kwanza.

"Basi shuka," alisema Mwalimu, uso wake ukiwa mkavu vilevile. "Mtu mwenye nguvu za kunyang'anya kiazi yuko kwenye *rather*. Keti."

Daktari alicheka hata akavua miwani na kuifuta. Walipokuwa wakitoka alimuuliza Mwalimu kwa Kiingereza, "Na wewe mwenyewe, neno lile ulilitumia lini mara ya mwisho?"

"Bado, bwana," alijibu Mwalimu Saulo. "Sijapata jambo lake."

Haikuwa majivuno. Ndivyo alivyolelewa. Nyumbani kwao neno la namna hiyo lilikuwapo pia, nalo ni *fijo*. Wanyakyusa hulimimina katika shukrani kama maziwa katika kibuyu: *ndaga fijo*, asante sana, husemwa asubuhi, mchana na jioni. Lakini mtu aliyefunzwa adabu hakulitumia kwa maumivu yake mwenyewe. Mzee aliyevunjika mguu, akiulizwa hali, alijibu kwamba mguu unamsumbua kidogo. Mwalimu Saulo alikua akiyasikia majibu hayo, akayaona kuwa ni uungwana, na hakuwahi kuyafikiria zaidi ya hapo.

Ilikuwapo pia adabu nyingine, kubwa kuliko hiyo. Kwa Wanyakyusa wa siku zile, mke wa mwana hakuonana na baba mkwe wake. Hakumtazama usoni, hakulitamka jina lake, hakusema naye. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke alijifunika uso au aliingia porini mpaka mkubwa apite. Naye mkubwa, kwa upande wake, alikohoa mapema ili ajulikane anakuja. Wachungaji walisema mambo hayo yalegezwe, na baadhi ya Wakristo waliyalegeza. Mwalimu Saulo, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, hakuyalegeza, na mke wa mwanawe hakuyalegeza zaidi yake.

Mkwe huyo aliitwa Atuganile. Aliolewa na Yotamu, mwana wa kwanza wa Mwalimu, akaachwa Mbeya kwa mama mkwe wake wakati Yotamu akitafuta nyumba ya kupanga Iringa, alikokuwa karani wa ujenzi. Katika miaka miwili Mwalimu hakupata kuuona uso wake. Alimjua kwa kanga iliyotoweka nyuma ya mlango na kwa kishindo cha nyayo zilizokimbia kikohozi chake. Masika moja walikaribia kugongana kwenye kona ya njia ya kisimani. Atuganile, akiwa na chungu cha maziwa kichwani, alijitupa katika mtaro uliojaa maji ya mvua na kukaa humo hadi kiunoni, amejifunika, mpaka Mwalimu alipopita. Maziwa hayakumwagika. Jioni Mwalimu alimwambia mkewe Tusekile kwamba Yotamu ameoa mtu. Kwake, hiyo ilikuwa sifa ndefu.

Yotamu alipopata nyumba, ilikuwa likizo ya shule, mwaka wa hamsini na sita. Mwalimu aliamua kumpeleka mkwe mwenyewe, pamoja na Tusekile, kwa gari la Jaha. Jaha alikuwa mtoto wa mjini, babu yake alitoka pwani. Gari lake lilikuwa lori lililofungwa viti vya mbao na turubai. Mbele waliketi watu wa heshima, nyuma waliketi wengine pamoja na magunia. Mwalimu aliketi mbele. Wanawake waliketi nyuma, na kati yao na yeye palikuwa na ubao na turubai, jambo lililomridhisha.

Waliondoka Mbeya kabla ya mapambazuko, wakiteremka kuelekea uwanda wa Usangu. Baridi ikabaki milimani, vumbi likaanza. Walipofika Igawa, Jaha alisimamisha gari ili injini inywe maji. Akazunguka nyuma, akarudi akijifuta mikono.

"Mwalimu, huyo binti yako huko nyuma si mzima. Amejikunja kama ngozi iliyoanikwa. Hapa pana mganga wa zahanati, namfahamu. Tumpitishe?"

Mwalimu alimwita mkewe. Tusekile akaja karibu na mlango wa mbele, kanga imejaa vumbi.

"Mama Yotamu, mwenzako ana nini?"

"Tumbo, baba. Limeanza tangu jana."

"Kamuulize linamuuma kiasi gani."

Tusekile alikwenda, akarudi. "Anasema kidogo."

Mwalimu alipanda akaketi. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watu kulitia neno mahali pake na kulipokea kama lilivyosemwa. "Umesikia, Bwana Jaha. Kidogo. Twende."

"Haya," alisema Jaha. "Mie dereva tu."

Walipanda Makambako katika upepo uliolipiga turubai kama ngoma. Mwalimu alitazama nyasi zikilala na kuinuka, akafikiri juu ya mwanawe, nyumba yenye sakafu ya saruji, na wajukuu watakaosoma mpaka mbali. Nyuma hakusikia sauti yoyote. Aliuhesabu ukimya huo kuwa nafuu.

Walisimama tena Mafinga, abiria wanyooshe miguu. Mwalimu alitaka kutoa kikapu chake cha ndizi kilichokuwa nyuma. Kama desturi, alikohoa. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi, akangoja, kisha akazunguka gari.

Atuganile alikuwa amelala juu ya magunia ya mchele. Uso wake ulikuwa wazi. Kanga ilikuwa imeanguka begani, na mkono ulikuwa kando yake umefunguka. Macho yake yalikuwa yakimtazama yeye, wala hayakugeuka.

Mwalimu aligeuka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alirudi mbele bila kikapu, damu ikimpanda masikioni. Miaka miwili ya heshima, na leo, njiani, mbele ya wapita njia! Alimwona Tusekile akija na kibuyu cha maji.

"Mama Yotamu, mkumbushe mkwe wako adabu. Hata Iringa hatujafika, naye adabu amekwisha kuiacha."

Tusekile alifungua kinywa, akakifunga, akaenda nyuma na maji yake.

Kutoka hapo hadi jua lilipoanza kuegemea magharibi Mwalimu aliitazama barabara tu. Jaha alijaribu mzaha mmoja, akauona hauna soko. Lakini walipokaribia mji, penye hospitali ndogo ya misheni upande wa kulia wa barabara, aliikata kona bila kuuliza na kuzima injini mbele ya baraza.

"Hapa sipo tulipopatana," alisema Mwalimu.

"Sipo," alikubali Jaha, akishuka. "Nami namshusha mgonjwa hapa hapa. Ukitaka kuendelea mjini, Mwalimu wangu, miguu Mungu amekupa. Mie nitakwenda kumwita huyo mumewe."

Wakambeba Atuganile ndani kwa machela. Mwalimu alisimama nje barazani, mgongo kwenye ukuta, kando ya dirisha lililokuwa wazi, ili asione, akakohoa kama desturi ijulikane yupo. Hata hivyo alisikia yote.

Ndani alikuwamo Muhidini, dresa wa hospitali ile, yaani msaidizi wa daktari, kijana wa Iringa aliyekijua Kiswahili, Kihehe na Kiingereza, ila si Kinyakyusa. Kwa hiyo maneno yalipita mikono mingi. Daktari aliuliza kwa Kiingereza, Muhidini akakitia katika Kiswahili, Tusekile akakitia katika Kinyakyusa. Jibu likarudi kwa njia ileile. Mwalimu aliitambua sauti ya daktari mara moja. Alikuwa yule aliyefuta miwani mwaka uliopita.

"Nikibonyeza hapa, anaumia?"

Swali lilikwenda, likarudi.

"Anasema kidogo, bwana," alisema Muhidini.

"Na hapa, nikiachia?"

Kisha sauti nyembamba kama uzi ikasema neno moja la Kinyakyusa.

"Kidogo, bwana."

Mwalimu alimsikia daktari akitembea, akirudi. "Sipendi tumbo hili," alimwambia Muhidini. "Tumbo linasema hivi, mgonjwa anasema vile. Hakulia hata mara moja. Sista hayupo, na mtambo wa taa unasumbua. Kumpasua mtu bila sista, kwa taa isiyoaminika, ni hatari, na sitaki kumwingiza katika hatari hiyo mtu anayeumwa kidogo. Mlaze. Tutamtazama asubuhi."

Barazani, Mwalimu Saulo alikuwa amelisikia neno *slightly* likitoka kinywani mwa Muhidini na kutua chini ya ngazi, mahali pake hasa. Kila aliyelipitisha alilipitisha kwa uaminifu. Hakuna aliyeongeza, hakuna aliyepunguza. Naye, mwenye ngazi, alipaswa kuridhika.

Hakuridhika. Aliona maji ya mtaro. Aliona chungu cha maziwa kimesimama wima juu ya kichwa cha mtu aliyezama hadi kiunoni kwa sababu tu mkubwa anapita. Kisha akaona mkono uliolala juu ya magunia Mafinga, na kanga ambayo haikuwa mbali nao hata shibiri moja. Kule alikuwa amekohoa mara mbili. Mtu yule aliyejitupa majini alikuwa amesikia. Na mkono haukuinuka.

Haukuinuka kwa sababu haukuweza.

Jasho lilimtoka Mwalimu katika baridi ya jioni. Tangu Igawa alikuwa akikiuliza kinywa cha mwanamke huyu, na kinywa kilimjibu kama mkwe anavyopaswa kujibu panapokuwapo masikio ya baba mkwe. Hata sasa kilikuwa kikijibu hivyo, maana kikohozi chake kilisikika hadi kitandani. Kama yeye Mwalimu angekuwa Mbeya, darasani, pengine mtoto wa watu angekwisha kusema kweli.

Kulikuwa na njia ya kuondoka, aende mbali, Tusekile amuulize upya. Lakini alisikia Muhidini akikusanya vyombo, na viatu vya daktari vikielekea mlangoni. Mwalimu alilishika dirisha kwa mkono. Hakugeuza uso; aliendelea kuitazama barabara. Ila alinena kwa sauti, kuhusu mwili wa mkwe wake, na mkwe wake akisikia.

"Daktari. Usiende."

Viatu vilisimama. "Nani huyo?"

"Mwalimu wa ngazi. Kutoka Mbeya. Huyu ni mke wa mwanangu."

Daktari akaja dirishani, mikono ingali na maji. "Mwalimu! Karibu ndani, utusaidie lugha."

"Siwezi kuingia. Sheria yetu hainiruhusu kumwona. Na kwa sheria hiyohiyo yeye hawezi kusema anaumwa nami nikiwa hapa. Hilo *slightly* ulilopewa si la maumivu, ni la heshima. Lirudishe."

"Basi nipe lako. Anaumwa kiasi gani?"

Mwalimu Saulo alifumba macho. Lile neno alilolilinda kwa miaka kumi na zaidi, alilowanyima vijana wenye njaa, wenye furaha, waliofaulu na walioshindwa, lilimjia zito mdomoni kama jiwe la kinu.

"*Extremely*," alisema.

Daktari hakucheka. Alisema polepole, kama mwanafunzi anayekumbuka somo, "Kwako neno hilo lina shahidi."

"Lina. Leo mchana nilimkuta uso wazi, nikamkasirikia. Hakuweza kujifunika. Wewe huwezi kujua jambo hilo ni kubwa kiasi gani. Mimi najua."

Daktari aligeuka. "Muhidini, washa mtambo. Ukikataa, leta karabai zote mbili, na yule mama aje azishike. Chemsha vyombo. Sasa hivi."

Walikaa kwenye benchi la baraza, Mwalimu na mwanawe Yotamu, aliyeletwa na Jaha akiwa bado na vumbi la chokaa kwenye viatu vya kazi. Mtambo ulikubali kuwaka, hivyo Tusekile naye alitolewa nje. Aliketi mwisho wa benchi na kuifunga miguu yake kwa kanga. Jaha alisimama kando ya gari lake, akikataa kuondoka, akidai kwamba tairi linampa wasiwasi.

"Mama Yotamu," alisema Mwalimu, "kule Igawa uliniambia ni kidogo."

"Nilikwambia anasema kidogo, baba. Sikukwambia ni kidogo."

"Kwa nini hukuniambia lako?"

"Hukuniuliza langu. Ulinituma nikamuulize yeye." Alitazama taa iliyotetemeka dirishani. "Na Mafinga nilitaka kukwambia. Ulikuwa na hasira."

Yotamu aliinamisha kichwa asionekane akisikiliza. Mwalimu aliivua kofia yake, akaishika magotini, akakaa hivyo mpaka daktari alipotoka.

Ilikuwa kidole tumbo. Kilikuwa kimeiva na kuanza kupasuka. Daktari aliwaeleza kwa maneno machache kwamba amekitoa, akaanza kusema ingekuwaje kama wangengoja asubuhi, kisha akaona uso wa Yotamu na kuiacha sentensi ilipo. Alimpa Mwalimu mkono na kuushika kwa muda. "Sasa umelitumia," alisema.

"Nimelitumia, bwana. Namshukuru Mungu lilikuwa bado zima."

Mwalimu alikuwa na muda hadi shule ifunguliwe, akaupitisha Iringa kwa Yotamu. Kila siku Tusekile alikwenda hospitali na uji, na kila siku Mwalimu alimfuata hadi kwenye miti ya uwanjani, mbali na dirisha, akangoja. Kwanza mgonjwa alikuwa na homa. Kisha homa ikashuka. Tusekile alileta habari kwa maneno yake mwenyewe sasa, bila kungoja kuulizwa: leo amekunywa, leo amegeuka ubavu, leo amemdhihaki Muhidini kwa kushindwa kutamka jina lake.

Miaka ya baadaye, wanafunzi waliomjua Mwalimu Saulo kabla na baada walisema kwamba ngazi ilibaki ubaoni vilevile, ila maswali yalibadilika. Mtu akisema *slightly*, Mwalimu aliweka chaki chini na kuuliza, "Ulipoyasema hayo, nani alikuwa akikusikiliza?" Wengi hawakujua swali hilo lilitoka wapi, naye hakuwaeleza.

Siku ile ya mwisho Iringa, kabla ya kurudi Mbeya, alifika mwenyewe hadi barazani. Dirisha lilikuwa wazi, na jua la asubuhi la Iringa lilikuwa limeingia ndani hadi miguuni mwa kitanda. Mwalimu alisimama hatua chache kabla ya kulifikia, akatazama chini, akakohoa.

Ndani kitanda kililia. Kikafuata kishindo kidogo cha haraka, na mchakacho wa kanga mpya ikivutwa kwa nguvu kutoka magotini hadi utosini.

"Amejifunika, baba," alisema Tusekile kutoka ndani, akicheka. "Hata mimi amenifunika na uji wangu."

Yakasikika maneno ya chini kwa chini. Tusekile akasogea dirishani.

"Anasema *ndaga fijo*."

Mwalimu Saulo aliitikia kwa kichwa, ingawa hakuna aliyemwona. Alibaki barazani kitambo, kofia mkononi, kisha akakohoa tena, bila haja yoyote, ili tu aisikie ile kanga ikivutwa mara ya pili.